Mgonjwa na Mwuguzaji Wake

Katika lugha yetu neno kuugua na neno kuuguza ni mama na mwana. La pili limezaliwa na la kwanza kwa kuongezwa herufi moja tu. Waliotuachia lugha hii walijua jambo ambalo wataalamu wamelifikia kwa njia ndefu, ya kuwa ugonjwa wa miaka mingi haumkai mtu mmoja. Humkaa yeye alalaye na yeye amwamshaye. Nataka kukueleza, msomaji, habari za ugonjwa mmoja wa namna hiyo kama nilivyouona katika nyumba za Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya, na hasa jinsi hulka ya mgonjwa na hulka ya mwuguzaji wake zinavyoweza kuyatia maisha yao uchungu au kuyaondolea uchungu.

Yamkini utauliza, Mimi ni mwanafunzi wa shule ya sekondari, maradhi ya wazee yanihusu nini? Yakuhusu sana. Likizo inapofika, baba yako huondoka alfajiri kwenda kuchuma majani ya chai, mama yako hushuka Karatina na mzigo wa ndizi, kaka yako yuko Nairobi na hurudi mwisho wa mwezi. Abakiye nyumbani na babu ni wewe. Utamvisha viatu, utamkorogea uji, na utamsubiri avuke kizingiti cha mlango. Hakuna mtu aliyekufundisha kazi hiyo, wala haimo katika mtihani wowote utakaoufanya.

Ugonjwa wenyewe huitwa maradhi ya Parkinson. Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kitabu chembamba juu ya watu 6 waliokuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Wengine kati yao hakuwatibu kamwe. Aliwaona barabarani tu, akawatazama kwa makini wakipita. Baadaye katika karne hiyo hiyo Jean-Martin Charcot, tabibu mashuhuri wa Paris, ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la mwenziwe. Ndani kabisa ya ubongo pana mahali padogo penye rangi nyeusi, na chembe za mahali hapo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho huwezesha mwili kutii amri ya kwenda. Chembe hizo zikifa polepole, dopamini hupungua. Na dalili zinapoonekana kwa macho, sehemu kubwa ya chembe imekwisha kupotea. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake walithibitisha mjini Vienna upungufu huo katika ubongo wa watu waliokuwa wamekufa kwa maradhi haya. Kutoka hapo ikapatikana dawa ya levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Hata leo hiyo ndiyo dawa kuu. Haiponyi ugonjwa wala haiuzuii kuendelea, lakini humrudishia mgonjwa saa zake kadhaa za kila siku. (Ule upupu ambao watoto huukimbia kwa kuwasha kwake una levodopa katika mbegu zake. Nalitaja jambo hili kwa ajabu yake tu. Asiwepo mtu wa kwenda porini kujipimia dawa kwa kijiko.)

Dalili zake ni nyingi kuliko kutetemeka. Mkono hutetemeka unapopumzika na aghalabu hutulia unaposhika kazi. Viungo hukazana, mwendo huwa mzito, sauti hufifia, mwandiko hupungua ukawa kama wa sisimizi. Miaka kadhaa kabla ya hayo, pua yaweza kusahau harufu ya kahawa inayokaangwa. Na uso, huo ambao kwao sisi sote husomana, hupoteza mabadiliko yake. Mtu hucheka moyoni na shavu halisogei. Tafadhali likumbuke jambo hili la uso, maana nitalirudia.

Usidhani kuwa haya ni maradhi ya Ulaya. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima jirani yetu wa Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, wakawapata wagonjwa 33, kama ilivyotangazwa mwaka 2008. Wengi wa hao hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi nao kama mtu aishivyo na mpangaji asiyemjua. Huku kwetu vilevile, nimesikia kutetemeka kukiitwa uzee, kukiitwa pombe, na mara moja, katika kijiji kimoja cha Mukurwe-ini, kukiitwa laana ya shamba lililouzwa.

Sasa tuje kwenye hulka. Wachunguzi wa tabia za watu wamezoea kuzigawa hulka katika mafungu matano: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, uchangamfu, moyo wa kupokea mambo mapya, upole, na utaratibu. Kila mtu anazo zote tano kwa vipimo mbalimbali, kama chakula kilivyo na chumvi na maji. Walipowatazama wagonjwa wa Parkinson na wauguzaji wao waliona kwamba fungu la kwanza ndilo linalowaelemea watu zaidi. Mgonjwa mwenye hulka ya wasiwasi huyaona maisha yake kuwa mabaya kuliko mgonjwa mwingine ambaye mkono wake unatetemeka sawasawa na wake. Mwuguzaji wa hulka hiyo naye huuona mzigo wake mzito zaidi kuliko mwenziwe abebaye mzigo huo huo. Kwa hiyo kipimo cha daktari cha kutetemeka na kukazana hakitoshi kutuambia kama watu wawili wa nyumba moja wana raha au hawana.

Lakini mambo ya vitabuni ni mifupa. Mimi niliyaona yakiwa na nyama katika nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza ni ya mjomba wangu, karibu na Othaya. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa kwa miaka 31. Wakulima walileta matunda yao mekundu, mizani ikasoma, naye akaandika kilo katika daftari kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya mimea. Alikuwa mtu wa saa. Chai yake ya saa kumi ikicheleweshwa kwa dakika tano, hakusema neno. Alitazama ukuta tu. Mwandiko wake ulipoanza kupungua, hakuna aliyedhani ni maradhi. Wanachama walinong'ona kwamba karani anaficha hesabu, kwa nini tena mtu mwaminifu aandike tarakimu zisizosomeka? Wakaguzi wakaitwa. Hesabu zilikutwa timamu hadi senti ya mwisho, lakini mjomba alikwisha kusikia manong'ono hayo, na mtu wa hulka yake hasahau. Alistaafu mapema. Miaka miwili alitibiwa baridi yabisi ya bega, ambayo hakuwa nayo, mpaka daktari kijana alipomwambia atembee kutoka kitini hadi mlangoni, akaona kwamba mkono wake wa kuume haupungi. Akampeleka kwa mtaalamu Nairobi, maana wataalamu wa ubongo katika nchi yetu ni wachache na wengi wao wako huko. Hiyo ni safari ya kilomita 150 au zaidi, ambayo si kitu kwa kijana, lakini kwa mtu aliyekazana viungo ni adhabu.

Mkaza mjomba alikuwa mtu wa namna nyingine. Ni mwanamke wa mbio. Akiwa ananena nawe mikono yake inamenya viazi, na viazi vikiisha hutafuta kazi nyingine ya mikono hiyo. Alimpenda mumewe, na akauchukua ugonjwa kama achukuavyo kazi zote: kwa kuumaliza haraka. Mjomba alipohangaika na kifungo cha shati, yeye alikifunga. Alipotafuta neno, yeye alilitoa. Alipoinua kijiko, yeye alikuwa amekwisha kumlisha. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na mkaza mjomba aliishika methali hiyo kwa mikono miwili.

Mimi naona methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya homa. Mtu mwenye homa ya siku tatu asiulizwe. Anyweshwe, apone, ashukuru. Ugonjwa wa miaka 15 ni jambo lingine. Mtu asiyeulizwa uji kwa miaka 15 amekwisha kuondolewa katika idadi ya watu wazima wa nyumba ile, hata kama kila siku anashiba. Mjomba alinyamaza. Na hapa ndipo uso ule niliokuambia ulipoingia kati yao. Uso wake haukusogea tena, kwa sababu ya maradhi. Mkaza mjomba akausoma kama alivyousoma miaka yote, tangu siku za chai iliyochelewa. Aliona hasira. "Mzee amenuna," alituambia jikoni. "Namfanyia yote, na bado amenuna." Yeye naye akazidisha mbio ili kuiondoa hasira ambayo haikuwepo. Mjomba akaziona mbio zile kuwa ni kuchoshwa naye. Hivyo watu wawili waliopendana waliishi karibu mwaka mzima kila mmoja akidhani mwenzake amemchoka, na dawa ikifanya kazi yake vizuri wakati wote huo.

Aliyeufungua mlango huo hakuwa mtu wa ukoo. Ni mwuguzi mmoja wa kliniki, mwanamke mtu mzima, ambaye siku moja alimwuliza mkaza mjomba swali jepesi mbele ya mumewe: "Mama, unajua kwamba uso huu ni ugonjwa?" Hakujua. Mwuguzi akamgeukia mjomba, akasema, "Mzee, mwambie mama kwa mdomo lile ambalo uso hauwezi tena kumwambia." Mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa ile sauti yake iliyofifia, "Viazi vya jana vilikuwa vizuri." Mkaza mjomba alilia njia nzima mpaka Othaya, kwa ajili ya viazi.

Usifikiri kuwa tangu siku hiyo hulka zao zilibadilika. Hulka haibadiliki kwa maneno ya kliniki. Mkaza mjomba angali mtu wa mbio, na mjomba angali mtu wa kutazama ukuta. Kilichobadilika ni mahali pa kuzitumia hulka hizo. Levodopa haina budi kunywewa kwa saa zake, na ni bora inywewe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maziwa na maharagwe yaweza kushindana nayo njiani. Nyumba nyingi hushindwa jambo hili. Kwa mjomba lilikuwa karamu. Alipiga mistari katika daftari kuukuu la kiwanda, akaandika saa moja, saa saba, saa moja, na kila kidonge akakitia alama kwa mkono wake. Ule utaratibu uliomfanya awe mgumu kwa mkewe ukawa ndio uliomlinda. Na mbio za mkaza mjomba zikahamishiwa mambo ya nje: safari za duka la dawa la Nyeri wakati dawa ilipoadimika, foleni za bima, na ngazi za udongo zilizotindwa upya mteremkoni kabla ya mvua za Aprili, maana udongo wetu mwekundu ukilowa humwangusha hata mbuzi.

Nyumba ya pili iko Karatina. Mama wa nyumba hiyo aliuza nguo za mitumba sokoni, na sauti yake ilifika barabarani kabla ya bidhaa zake. Mkono wake ulipoanza kutetemeka hakuuficha chini ya kitenge kama wengi wafanyavyo. Aliunyosha mbele ya wateja, akasema, "Mnaona? Huu unawasalimu kabla yangu." Wateja wakacheka, wakanunua. Wenziwe wa soko walimjua ugonjwa wake kwa jina, na siku alizochelewa walimfungulia kibanda. Akina mama wa kanisa walimtembelea bila kuitwa. Watu wa namna hiyo, wachangamfu na wenye matumaini, aghalabu huishi vizuri zaidi na maradhi haya, na yeye alikuwa shahidi wa jambo hilo.

Hata hivyo matumaini nayo yana upande wake. Kwa kuwa alijiona mzima, alisahau vidonge. Kwa kuwa hakuogopa, alivuka barabara ya soko na kikapu kichwani, akaanguka mara mbili, na mara ya pili akavunjika kifundo cha mkono. Wa kuzihesabu hatari alikuwa mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka 30 hivi, mpole, asiyependa maneno mengi, ambaye alikuwa ameacha kazi Nanyuki ili amtunze. Kijana yule alikuwa na hulka ya wasiwasi. Usiku aliamka kusikiliza kama mama anapumua. Mchana alimfuata sokoni, akasimama nyuma ya marundo ya nguo kama askari. Mama akanenepa, kijana akakonda. Mgeni angeingia nyumba ile angeuliza mgonjwa ni yupi.

Nalieleza hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akiwa na raha mwuguzaji ana raha pia. Si lazima iwe hivyo. Wapo wauguzaji wanaomezwa na ugonjwa usio wao, na mwenye kumezwa kwa wepesi ni yule ambaye kwa asili huishi akingoja balaa. Kumwambia mtu wa namna hiyo "usiwe na wasiwasi" ni kama kumwambia mtu mfupi arefuke. Dada yake aliyeolewa Nanyuki hakumwambia neno kama hilo. Alikuja kila Jumamosi kwa matatu ya asubuhi, akachukua kitabu cha vidonge mkononi mwa kaka yake, akasema, "Leo nahesabu mimi. Nenda ukatazame mpira." Mara za kwanza kijana alirudi kabla ya mapumziko ya kati ya mchezo. Baadaye akawa anarudi mchezo ukiisha. Mwezi wa nne alirudi saa mbili usiku, na mama yake akamgombeza kwa kuchelewa, na huo, alivyoniambia dada mtu, ulikuwa ugomvi wa kwanza wa kawaida katika nyumba ile kwa muda wa miaka miwili.

Yakupasa kujihadhari na jambo moja, msomaji, unapoanza kuzipima hulka za wagonjwa. Si kila uonacho ni hulka. Huzuni nzito, hofu, na ile hali ya kutojali lolote huwapata wagonjwa wengi wa Parkinson, nazo hutokana na ubongo uleule unaougua. Hazitokani na udhaifu wa tabia. Mzee aliyekuwa hodari wa shamba akikaa kivulini kutwa bila kutaka kitu usimwite mvivu. Dawa nazo zina mambo yake: baadhi ya zile zinazotumiwa pamoja na levodopa au badala yake zimewahi kumtia mtu mwaminifu tamaa ya kamari isiyo kawaida yake, ikakoma dawa ilipobadilishwa. Mabadiliko ya ghafula ya tabia yaelezwe kwa daktari kabla ya kuelezwa kwa majirani.

Kuna pia nadharia ya zamani. Tangu mwanzo wa karne ya 20 baadhi ya matabibu walidai kwamba maradhi haya huchagua watu wa hulka fulani: wachapa kazi, waangalifu, washika saa, wasiopenda kujaribu mapya. Jambo hili limebishaniwa sana. Wengine husema kwamba huenda ile hali ya kujizuia ni ugonjwa wenyewe umeanza kwa siri miaka mingi mapema. Mimi huchekeshwa kidogo na nadharia hiyo, kwa maana kama maradhi yangewachagua wachapa kazi washika pesa, miteremko yote toka Othaya hadi Kerugoya ingekuwa inatetemeka. (Watafiti wameona pia kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa na maradhi haya kwa uchache kidogo. Nasi tunaoilima kahawa hiyo twaiuza ng'ambo, tukarudi nyumbani kunywa chai.)

Ukitaka mfano wa mtu ajulikanaye, mtazame Muhammad Ali. Wazee wetu wanamkumbuka kwa pigano la Kinshasa la 1974, na mwaka 1980 alikuja hata Nairobi. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama ngumi zake. Mwaka 1984 alipokuwa na umri wa miaka 42 aliambiwa ana dalili za Parkinson, na maradhi yakamnyang'anya kwanza kile alichojulikana nacho: sauti, na uso wa utani. Mwaka 1996 aliuwasha moto wa michezo ya Olimpiki mjini Atlanta kwa mkono unaotetemeka mbele ya dunia nzima. Hakuuficha. Aliishi mpaka 2016, na kwa miaka mingi mkewe Lonnie alikuwa kando yake. Tofauti ya yeye na mama wa Karatina ni ndogo kuliko unavyodhani.

Narudi Othaya, maana habari ya huko haijaisha. Mwaka wa sita wa ugonjwa, mkaza mjomba alianguka jikoni. Ilikuwa presha, ambayo alikuwa ameificha ili asiache kazi. Alilazwa siku 9, na daktari akasema kwamba asiporudi nyumbani kupumzika, hatarudi mara ya pili. Ukoo ukakutana. Wanaume walisema aajiriwe msichana wa kazi. Lilikuwa shauri zuri, na mjomba alilikataa. Kwa mtu wa hulka yake, aliyekuwa hata shati halivui mbele ya ndugu zake, kuoshwa na mgeni kulikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Wakamwita mkaidi. Mmoja akasema maneno makali, kwamba ukaidi huo utamwua mkewe kabla yake. Mjomba akautazama ukuta. Na wote waliokuwepo walijua kwamba maneno yale makali yalikuwa na ukweli ndani yake, naye mjomba alijua kuliko wote.

Aliyelitatua jambo hilo ni mjukuu, mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti. Hakuambiwa na mtu. Asubuhi ya kwanza alileta maji ya moto, wembe na kioo, akaviweka mezani, akakaa. Hakumgusa babu yake. Akasema, "Guka, tuanze na shavu gani?" Mjomba alifikiri kwa muda ambao mkaza mjomba angeweza kumenya kikapu cha viazi. Kijana alingoja. Babu akasema, "La kushoto." Basi akanyolewa.

Kijana yule ana hulka ya upole na uvivu kidogo. Walimu wake hulalamika kwamba hana haraka ya kitu chochote. Katika nyumba ile alikuwa ndiye aliyetakiwa. Aligundua kwamba babu yake huganda mlangoni, miguu ikishikwa na ardhi kama iliyopigwa misumari, akachora mistari ya chaki sakafuni, babu akawa anaikanyaga mmoja mmoja akapita. Haukuwa uchawi, ubongo ulioshindwa kuanza hatua wenyewe mara nyingi huweza kuifuata alama inayoonekana, au mdundo unaosikika, na ndiyo maana wagonjwa wengine hutembea vizuri zaidi wakiimba. Mjomba hakuimba. Alihesabu, kama alivyohesabu magunia.

Wiki ya tatu ya likizo kijana alimleta mwenziwe mtu mzima, mwanamume wa jirani aliyepata kumwuguza baba yake mwenyewe. Alimleta kama mgeni wa chai. Siku ya pili mgeni yule alishika taulo. Siku ya tano alishika wembe, akauliza, "Mzee, shavu gani?" kama alivyofundishwa na mtoto wa miaka 15. Shule ilipofunguliwa mjomba alikuwa amemkubali mtu wa kumsaidia, kwa mshahara uliochangwa na watoto wake 4 kila mwezi, na katika daftari lile la vidonge akaongeza safu ya kuandika saa za mtu huyo za kufika na kuondoka.

Mkaza mjomba hakujua la kufanya na mikono yake kwa majuma mawili. Alizunguka uani, akapanga kuni zilizokuwa zimepangwa. Sasa siku ya Alhamisi huenda Nyeri kwa mazoezi ya kwaya, na hurudi jioni na habari za mji mzima, ambazo humweleza mumewe zote bila kituo, wakiwa wamekaa karibu na moto kwa ajili ya baridi ya kwetu. Yeye husikiliza kwa uso wake usiosogea. Akichoka husema, "Mama watoto, hilo umekwisha kulisema." Naye hucheka, akaendelea.